Stempu ya Mama Mkwe Imepinduka

Shangazi Qiu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu nakuomba msaada wa haraka kabla ya Jumapili, maana nimekwama mahali ambapo nikisema nimeharibu na nikinyamaza nimeharibu zaidi, na hapa ninapoandika nimejificha nyuma ya kibanda chetu kwenye soko la stempu hapa Shanghai, wateja wananiita nami najifanya napanga bahasha.

Naitwa Weng Jiaming, nina miaka ishirini na tisa, jina ukilichapa nakuomba ulibadilishe. Kazi yangu ni kutambua stempu za zamani na kuzikadiria thamani kwa ajili ya wakusanyaji, hasa stempu za Kichina zenye chapa ya juu, yaani stempu ilishachapishwa ikakamilika, halafu posta ikairudisha mtamboni ikaongezewa maneno, labda serikali imebadilika, labda pesa imeporomoka, labda mkoa fulani pesa yake ni dhaifu na posta haitaki walanguzi wanunue stempu kule kwa bei ya chini waje kuziuza huku, basi wanaipiga maneno mekundu kwamba itumike mkoa huo tu. Chapa ya juu ikikaa sawa, stempu ni ya kawaida, unaipata hata kwenye makopo yetu ya chenji. Lakini ikitokea fundi wa mtambo siku ile ana usingizi akaingiza karatasi kichwa chini, chapa ikatoka imepinduka, hapo watu wazima wenye wajukuu wanagombana sokoni mpaka wanatenganishwa. Nakueleza haya si kwa kujisifu, ni ili uelewe kwamba macho yangu ndiyo yanayonilisha.

Nina mchumba, Lü Yunfei, mwalimu wa chekechea. Baba yake, Mzee Lü, alikuwa mtu wa reli na amekusanya stempu tangu ujana wake, yeye na mimi hatuna shida, tukikutana tunaongea meno ya pembeni mwa stempu na aina za karatasi mpaka Yunfei anasinzia. Shida ilikuwa mama, Mama He Suqin, mstaafu wa kiwanda cha taulo, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba ile, na tangu nianze kwenda kwao alikuwa hanitaki. Hakunitukana hata siku moja. Alikuwa ananimiminia chai ya moto isiyonyweka na kuniuliza maswali mafupi.

"Kwa hiyo kazi yako ni kuangalia stempu?"

"Ndiyo, shangazi," nikasema, maana kwetu mama wa mchumba huitwa shangazi mpaka siku ya harusi.

"Na ukimaliza kuiangalia?"

"Naangalia nyingine."

"Ehee," anasema, halafu anamgeukia Yunfei na kumuuliza kama yule kijana wa benki ameshaoa.

Basi Jumamosi iliyopita, kwa kuwa kaa wa vuli wameshaanza kunona, nilialikwa chakula cha jioni nikapeleka kaa wanane waliofungwa kamba vizuri, Mama He akawachagua mmoja mmoja kwa kuwabonyeza tumbo na akashindwa kuwatia kasoro, akawachemsha, akapasha divai ya mchele na tangawizi, tukakaa wanne kwenye meza yao ndogo ya mraba. Divai ilimchangamsha. Katikati ya kula akainuka, akaingia chumbani, akatoka na albamu ya mzee akaifungua ukurasa wa kwanza mbele yangu.

"Haya mtaalamu. Hebu niambie kuhusu hii."

"Suqin, kaa watapoa," akasema Mzee Lü.

"Wapoe. Kaa wapo kila vuli."

"Mikono yake ina siki."

"Si atanawa? We kijana, nenda kanawe."

Nikaenda nikanawa. Niliporudi nikaona katikati ya ukurasa mzima kuna stempu moja tu, peke yake, ile yenye picha ya mvunaji wa mpunga, na juu yake maneno mekundu ya kuibana itumike mkoa wa Xinjiang tu, na maneno hayo yamekaa kichwa chini. Shangazi, hiyo ndiyo wanayogombania sokoni. Mzee huyu nimeongea naye stempu mwaka mzima na hajawahi kunionyesha ukurasa ule, kila tukifungua albamu anauruka haraka haraka, nami nikadhani ni unyenyekevu tu, maana wapo watu wenye kitu kikubwa wasiopenda kujionyesha.

Mama He akanisimulia huku nikitafuta lenzi mfukoni. Alisema kabla Yunfei hajazaliwa, kiwandani walipewa bakshishi ya mwaka, wenzake wote wakaenda kununua kitambaa cha koti la baridi, yeye akapita kando ya bustani akamkuta mtu ametandaza stempu kwenye gazeti. "Mimi stempu sizijui hata kidogo," akasema, "lakini niliona maneno kichwa chini nikasema hii ndiyo yenyewe, hii ni bahati. Nikatoa bakshishi yote. Baridi ile nilivaa koti la dada yangu lenye mkono mmoja mfupi! Nilipompa huyu mzee, unajua alifanya nini? Alikaa kitandani akalia. Mwanamume mzima. Hakusema neno. Muulize."

Sikumuuliza kwa sababu Mzee Lü alikuwa anachokonoa mguu wa kaa ambao ulishakwisha nyama zamani.

Nikainama na lenzi. Karatasi ni yenyewe. Meno ya pembeni ni yenyewe. Stempu ni halisi kabisa, ya bei ya chini tu, na imetumika, ina muhuri mweusi wa posta kwenye kona, na hapo ndipo nilipoiona kasoro, kwa sababu pale ambapo muhuri mweusi na maneno mekundu yanakutana, wekundu unapita juu ya weusi. Fikiria mwenyewe Shangazi, posta inapiga chapa kwanza, halafu inauza, halafu mtu anatuma barua, halafu ndiyo muhuri unagongwa, kwa hiyo muhuri siku zote lazima uwe juu. Ukiwa chini, maana yake kuna mtu alichukua stempu kuukuu iliyokwisha kazi yake, akakaa nyumbani na kijimtambo chake akaipiga maneno kichwa chini, akaenda kuitandaza kwenye gazeti kando ya bustani.

Nikapiga moyo konde nikafungua mdomo. Nikaanza kusema, "Imepinduka..." nikikusudia kuendelea kwamba imepinduliwa na tapeli, na hapohapo Mzee Lü akanikanyaga mguu chini ya meza, nadhani kwa bahati mbaya kwa kuwa meza ni ndogo na yeye ana miguu mirefu, nikashtuka, sentensi ikaishia hapo. Na wewe unajua, Shangazi, kwetu ukisema imepinduka na ukisema imefika, masikioni ni neno moja, ndiyo maana mwaka mpya kila mtu anabandika neno Baraka mlangoni kichwa chini, ili mgeni akisema baraka yenu imepinduka awe amesema imefika.

Mama He akapiga makofi. "Imefika! Umesikia, mzee? Mtaalamu mwenyewe amesema imefika!"

"Hapana, shangazi, nilikuwa nasema..."

Nikakanyagwa tena. Mzee wa watu labda anaumwa magoti.

"Shangazi nani?" akasema Mama He. "Shangazi yako hapa ni nani? Niite Mama!"

Yunfei akaangusha kijiko. "Mama! Harusi bado! Kubadili mdomo ni siku ya harusi!"

"Harusi ni tarehe tu. Mdomo ataubadili leo." Akaenda kwenye droo akatoa bahasha nyekundu ya pesa, ile ambayo mama mkwe humpa mkwe siku anapoacha kumwita shangazi, akanikabidhi kwa mikono miwili, wote wakanitazama wakisubiri. Nikasema, "Mama." Shangazi Qiu, mama yangu alifariki nikiwa sekondari. Neno lile lilikuwa halijatoka mdomoni mwangu miaka mingi, na lilipotoka lilitoka kwa sauti ya mtoto, na Mama He akalisikia hivyo, akanimenyea kaa kwa mkono wake, akaniwekea mafuta yote ya kaa kwenye bakuli langu, Mzee Lü hakupata hata kidogo.

Hayo yangeishia hapo ningejitia hamnazo. Lakini Jumatatu, Mzee Lü alipokwenda kung'olewa jino, Mama He alitoa ule ukurasa kwenye albamu akaupeleka mwenyewe ofisi ya chama cha wakusanya stempu, akauandikisha kwenye maonyesho ya Jumapili hii, na kwenye kikaratasi cha maelezo akaagiza iandikwe kwamba stempu imethibitishwa na mtaalamu Weng Jiaming, mkwe. Mmoja wa majaji ni mwalimu wangu, Bwana Pan, ambaye ndiye aliyenifundisha habari ya muhuri na chapa, na haachi hata nukta. Isitoshe, Mama He amewaalika wanawake wote wa kikundi chake cha kucheza dansi uwanjani jioni, wale wa jaketi nyekundu, waje kuona. Nilipompigia simu Mzee Lü kumweleza habari ya maonyesho, alisema "Aiya" akakata.

Yunfei sijamwambia. Nilijaribu kuzungukazunguka, akanijibu, "Mama amekupenda, usiulize kwa nini. Wewe kula."

Nimefikiria njia tatu. Ya kwanza, niumwe Jumapili. Ya pili, niende Jumamosi jioni na lenzi na picha kubwa za ule muhuri niwaeleze familia nzima kitaalamu, hatua kwa hatua, ili asibaki na shaka. Ya tatu, nimwombe Bwana Pan aupite ukurasa ule macho amefumba. Nishauri ipi ni bora. Nishauri pia kama nirudishe bahasha nyekundu, maana bado sijaifungua, ipo mfukoni na inanichoma. Na zaidi ya yote nifundishe nitamwambiaje Mzee Lü, masikini, aliyeringa moyoni na bandia miaka yote hii bila kujua. Nampenda binti yao, lakini nisikufiche, naogopa zaidi kurudi kumwita yule mama shangazi.

Ni mimi,
Mwenye Macho Yasiyomsaidia


SHANGAZI QIU ANAJIBU

Mwenye Macho,

Pole. Nimeanza na pole kwa sababu baada ya hapa nitakugombeza.

Mimi stempu nazijua kwa kuzilamba tu, sitabishana nawe juu ya wino upi uko juu ya upi. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuniuliza kuna nini, ya pili nikiwa nimeweka kikombe chini. Halafu nikajiuliza hivi kijana anayeona uzi wa wino kwa lenzi anawezaje kukanyagwa mara mbili na asione kitu.

Mzee Lü haumwi magoti! Magoti yake ni mazima, na alilenga. Mtu aliyekusanya stempu tangu ujana, anayekaa nawe kuongea aina za karatasi mpaka binti anasinzia, unadhani hajui kwamba muhuri hukaa juu ya chapa? Alijua siku ileile, amekaa kitandani. Mwenyewe umeandika kwamba alilia. Mkewe ametoa bakshishi ya mwaka mzima, amevaa koti lenye mkono mmoja mfupi, amekuja na uso unaong'aa kumletea kitu ambacho kimetengenezwa na tapeli, naye akakitazama, akajua, akamtazama mkewe, akashindwa kusema. Akakipa ukurasa wa kwanza, peke yake, na tangu hapo anauruka kila mtu mwenye macho anapoketi karibu. Wewe ukaita unyenyekevu. Uliona karatasi, ukaona meno, ukaona wino, na mume mwenyewe aliyekuwa ubavuni mwako anachokonoa mguu mtupu wa kaa hukumwona.

Kwa hiyo lile swali lako la jinsi ya kumpa masikini Mzee Lü habari mbaya, lifute. Habari anayo tangu hujazaliwa, au ulikuwa bado unatambaa.

Sasa usikimbilie kufurahi. Najua unachofikiri, kwamba basi wewe na mzee ni kitu kimoja, wanaume wawili wenye huruma. Hapana. Yeye alinyamaza kwa ajili ya mkewe. Wewe pale mezani ulinyamaza kwa sababu ya mguu, sawa, mguu ni mguu, sikulaumu. Lakini kesho yake, Jumapili iliyopita, mguu haukuwepo. Jumatatu haukuwepo. Ulinyamaza kwa sababu ulipewa jina la mwana na ukaogopa kunyang'anywa. Nilipofika pale ulipoandika habari za mama yako nilivua miwani nikaifuta, kwa hiyo usidhani nakusema kwa moyo mkavu. Nakuelewa. Lakini umekosea hesabu. Unafikiri Mama He amekupenda kwa sababu ya stempu. Mwanamke aliyekutazama kwa jicho la pembeni mwaka mzima habadiliki kwa neno moja! Alikuwa ameshakupenda na anatafuta kisingizio cha kutangaza. Amewabonyeza kaa wako wote tumbo akakosa kasoro. Amekutuma ukanawe, mbele ya mchumba wako, kama mtoto, ukainuka ukanawa bila kununa. Yule wa benki angenawa? Stempu ilimpa tu sababu ya kufungua droo.

Njia zako tatu. Ugonjwa: utaumwa mpaka lini? Maonyesho yakiisha ataiweka kwenye fremu sebuleni, na wewe utakula chini yake miaka thelathini. Kumwomba Bwana Pan afumbe macho: mzee wa watu amekufundisha kuona, nawe shukrani yako ni kumtaka asione? Aibu. Na ile ya picha kubwa, hatua kwa hatua, kitaalamu! Unataka kumthibitishia mwanamke mbele ya binti yake kwamba zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kutoa ni takataka, halafu umuulize kama ana swali? Ukifanya hivyo nitakuja mimi mwenyewe kukukanyaga, na mimi nina uzito.

Linalonitia wasiwasi ni Jumapili. Majaji wataona. Bwana Pan ataona kabla hajavua koti. Mmoja ataandika neno bandia, na wanawake wa jaketi nyekundu watalisoma, na Mama He atageuka kukutafuta wewe na kumtafuta mumewe, na atawakuta nyote wawili mnatazama viatu. Hapo ndipo ataumia. Stempu atailia siku mbili aisahau. Lakini kwamba wanaume wake wawili walijua, na wakamwacha asimame pale akitabasamu, hilo hatalisahau, wala mimi nisingelisahau. Hilo ndilo unalotakiwa kulizuia, Mwenye Macho. Uongo wa kitandani ulikuwa wa watu wawili chumbani kwao. Huu wa Jumapili una watazamaji, na jina lako limeandikwa chini yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Yunfei mwambie leo, kwa maneno yaliyonyooka, bila kuzungukazunguka. Atakasirika kidogo, halafu atacheka, halafu atakuwa upande wako, maana anawajua wazazi wake kuliko wewe. Kisha mtafute Mzee Lü akiwa peke yake, si nyumbani. Usimtolee lenzi. Mwambie, "Baba, muhuri uko chini ya chapa. Mimi najua, na wewe unajua." Halafu funga mdomo. Atakohoa, ataulizia hali ya hewa, atakuonyesha pengo la jino lililong'olewa. Wewe mngoje. Atasema tu, mtu hawezi kubeba kitu hicho peke yake muda wote huo na akikutana na wa kumsaidia akaendelea kukohoa.

Kumwambia Mama He ni kazi ya mumewe. Aliyeanza kunyamaza ndiye avunje ukimya. Lakini asiende peke yake, kwa sababu atafika mlangoni akumbuke kwamba hajanunua sukari. Mpeleke. Kaa naye. Akishindwa kuanza, wewe anza kwa kosa lako, sema neno lako la Jumamosi lilikatikia njiani na hukuwa na ujasiri wa kulirudia, kisha mwachie yeye amalizie la kwake. Na mwambie asijitetee kwa kirefu. Aseme tu kwamba aliijua siku ile, na kwamba asingeibadilisha kwa stempu halisi. Kama ni kweli. Mimi naamini ni kweli.

Mama He atawaka. Mwacheni awake, ana haki. Anaweza kuwauliza mlikuwa mnamwonaje, mjinga? Anaweza kumkumbusha mzee lile koti. Anaweza kukuambia utoke. Akikuambia utoke, sema "Ndiyo, Mama," utoke, na asubuhi urudi na mboga. Sikia vizuri: "Ndiyo, Mama." Usithubutu kumrudishia ushangazi kwa adabu ya uongo, wala bahasha usiirudishe. Kumrudishia mama bahasha nyekundu ni kumwambia kwamba alikupa kwa makosa. Iweke hivyo hivyo bila kuifungua mpaka siku ya harusi, na siku hiyo ukipewa nyingine, ipokee vilevile.

Kuhusu ule ukurasa. Nimempigia simu mtu mmoja wa chama, bila kutaja nyumba ya mtu, nikamuuliza kama stempu bandia inaruhusiwa kwenye maonyesho. Akanijibu kwamba inaruhusiwa bila shida, mradi kikaratasi cha maelezo kiseme ni bandia, na kwamba wapo watu wanaokusanya bandia tu na ni wakali kuliko wale wa halisi. Basi ukurasa unaweza kurudi nyumbani au unaweza kubaki ukutani na maelezo mapya. Atakayeamua ni Mama He. Si mzee, si wewe, si Bwana Pan. Bakshishi ilikuwa yake. Akisema ubaki, wewe ndiye utakayeandika maelezo, kwa herufi kubwa, bandia, na utaeleza muhuri na chapa kwa yeyote atakayeuliza, na hapo utaalamu wako utakuwa umefanya kazi ya maana. Na mbele ya jaketi nyekundu yeye atakuwa ndiye mwenye kisa, wengine wote wasikilizaji. Nawajua wanawake wa uwanjani. Watapita stempu halisi zote kama hazipo, waje kusimama kwenye hiyo.

Nimebakiwa na jambo moja, na hili nitalisema hadharani kwa sababu umelistahili. Barua yako ilinifikia Jumatano. Kwa kuwa uliweka namba ya simu, nilikupigia hapohapo sokoni nikakuambia yote haya kwa sauti yangu, nikakuambia pia kwamba jibu litachapwa Jumamosi. Ukanijibu nini? "Shangazi, si mngelichapa kesho?" Hapo ndipo nilipokufahamu vizuri. Ulitaka gazeti likusemee. Ulitaka yule mama alifungue akiwa anamenya vitunguu, ajikute ndani, na wewe uje baada ya dhoruba na uso wa huruma. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini siwezi kubadilisha mvunaji, kaa wanane na jaketi nyekundu, na mstaafu wa Shanghai asiyesoma ukurasa huu mimi sijamwona bado. Nilikupa siku zako. Jumatano ilikuwa yako, Alhamisi ilikuwa yako, Ijumaa yote ilikuwa yako. Kama umezitumia, nakupongeza kwa moyo wote. Kama hujazitumia, acha kusoma, mpitie mzee, mkimbie nyote wawili nyumbani.

Na wewe dada, uliyesoma mpaka hapa huku moyo unakwenda mbio. Kama wameshakuambia, basi unasoma ukicheka, na mimi nakusalimu, na nakuomba umpe mzee mafuta ya kaa safari ijayo. Kama hawajakuambia, kuna watu wawili wanapanda ngazi zako sasa hivi, mmoja ana miguu mirefu. Weka gazeti chini ya mto, ufungue mlango, na ujifanye hujui kitu. Nyumba yenu kwa hilo ina uzoefu. Waache wakuambie wenyewe.